Japani kwenye ua wa maktaba: shajara ya mradi, Januari hadi Mei 2025

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo tumeanza. Watoto 23 wa darasa la nne hadi la sita walifika katika chumba cha kusomea cha maktaba ya kata yetu hapa Tanga, na nilipowauliza wanajua nini kuhusu Japani walitaja karate, ninja, katuni na magari. Sikuyapinga majibu yao, kwa kuwa yote ni ya kweli. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba mradi huu hautaanza na mavazi ya kutundikwa ukutani wala na mambo ya kushangaza watoto. Utaanza na ardhi: visiwa viko wapi, vimeumbwaje, theluji inatoka upande gani, na sehemu ya kulima ni ndogo kiasi gani. Ninaamini kwamba mtoto akiielewa ardhi ya watu, desturi zao hazitakuwa vituko machoni pake, bali ataona ndani yake akili ya watu waliojifunza kuishi mahali walipo.

Mlango wa kuingilia tuliupata nje, kwenye gari. Karibu na lango la maktaba huegeshwa Hiace moja ya abiria, na ubavuni mwake, chini ya mstari wa rangi ya njia, bado yanasomeka maandishi matatu ya Kijapani. Watoto hawa hulipanda gari hilo kila wiki na hakuna aliyewahi kuuliza yanasemaje. Nikawasomea: yochien, yaani shule ya chekechea. Gari hilo, kabla ya kuvuka bahari, lilikuwa likibeba watoto wadogo kuliko wao. Palikuwa na kimya, kisha msichana mmoja wa darasa la tano akaweka kiganja chake juu ya herufi ya kwanza na kuuliza: "Mwalimu, hao watoto sasa wana umri gani?" Sikuwa na jibu, lakini swali lile lilitosha kunionyesha kwamba Japani imeanza kuwa na watu ndani yake. Mvulana mwingine aliuliza kwa nini magari mengi yanatoka huko na si kwingine. Nikaeleza kwamba sababu mojawapo ni usukani: Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kulia, kwa hiyo gari linashuka bandarini na kuingia barabarani bila kubadilishwa.

Jumamosi, 18 Januari

Somo la saa lilichukua dakika 40, ingawa nilikuwa nimelipangia dakika 10, na sijutii hata moja. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Tulipokutana ilikuwa saa nne asubuhi, na mshale mfupi wa saa ya ukutani ulikuwa kwenye 10. Tukahesabu saa sita mbele, mshale wa Tokyo ukaangukia kwenye 4. Mtoto mmoja akasimama na kusema kwamba sisi pia tumesema ni saa nne. Wakanyamaza wote, wakaanza kujaribu saa nyingine. Adhuhuri yetu ni saa sita, na Tokyo mshale uko kwenye 6, jua likiwa limekwisha kuzama kwa majira haya ya baridi. Saa moja usiku kwetu, Tokyo mshale uko kwenye 1, na ni usiku wa manane wa siku inayofuata. Kila walipojaribu, namba ilikuwa ile ile, kwa sababu saa ya Kiswahili nayo imepishana na saa ya ukutani kwa saa sita. Nchi zote mbili hazirudishi wala kusogeza saa kwa majira, hivyo jambo hili halikosei mwaka mzima. Nimekuwa nikisoma habari za Japani kwa miaka mingi, wala sikuwahi kuliona jambo hili hadi mtoto aliponionyesha.

Jumamosi, 1 Februari

Hii ndiyo siku niliyoisubiri zaidi. Tumechora ramani ya Japani kwa chaki juu ya saruji ya ua, kwa kipimo cha mita moja kwa kila kilomita 100. Kamba ya katani tuliifunga fundo kila baada ya mita moja, watoto wakagawanyika kwa makundi, kila kundi na kisiwa chake. Honshu, kisiwa kikubwa, kilichukua mafundo 13 kutoka ncha hadi ncha. Hokkaido kaskazini kilitaka mafundo zaidi ya manne, na Kyushu na Shikoku vilitoshea kwenye kivuli cha mwarobaini.

Tatizo lilikuja kwa kundi la Okinawa. Kutoka kusini mwa Kyushu walihesabu mafundo sita na nusu, wakajikuta wametoka nje ya lango, wamesimama karibu na bomba la maji. Walirudi kuniuliza kama wamekosea, kwa sababu katika atlasi yetu Okinawa imechorwa kwenye kisanduku pembeni, jirani kabisa na visiwa vingine. Hawakukosea. Kisanduku hicho huwekwa ili ukurasa utoshe, na kwa njia hiyo mtoto hukua akidhani nchi ni fupi. Tuliwaacha pale pale bombani, na yeyote aliyetaka kuzungumza na Okinawa ilimbidi atembee. Huko ndiko kulikokuwa na ufalme wa Ryukyu, uliokuwa na mfalme wake na biashara yake ya baharini, hadi mwaka 1879 ulipofanywa kuwa mkoa wa Japani. Upande wa pili, kwa kundi la Hokkaido, niliwaeleza habari za Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, ambao lugha yao si Kijapani na ambao ndio asili ya jina la mji wa Sapporo. Ni mwaka 2019 tu ambapo sheria ya Japani iliwatambua kuwa watu wa asili. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya watoto husema "Wajapani hufanya hivi" kana kwamba visiwa vyote ni kijiji kimoja.

Tulijaza takwimu chache pembeni mwa ramani. Eneo la Japani ni takriban kilomita za mraba 378,000, na la Tanzania takriban 947,000, yaani Tanzania inaizidi mara mbili na nusu. Lakini watu wao ni takriban milioni 124, wakati sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Kisha niliwapa makaa wapake milima. Walipaka, wakapaka, hadi robo tatu ya ramani ikawa nyeusi, na weupe uliobaki ukawa vipande vidogo kando ya bahari. Kipande kikubwa kuliko vyote ni tambarare ya Kanto, na hapo ndipo tukaweka jiwe la Tokyo. Nikawaomba watoto wote 23 wasimame kwenye weupe tu, pasipo kukanyaga makaa. Walibanana, wakashikana mabega, na wakaelewa bila mimi kusema neno kwa nini nyumba za huko ni ndogo, kwa nini mashamba ya mpunga hupanda mlima kwa ngazi, na kwa nini treni ni muhimu kiasi kile. Treni ya mwendo kasi, Shinkansen, ilizinduliwa tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, na njia yake inapita kwenye weupe huo huo mwembamba wa pwani ya kusini.

Kuhusu idadi ya visiwa, niliwaambia kwamba hesabu iliyotangazwa mwaka 2023 ni 14,125, na hesabu ya zamani, ya mwaka 1987, ilikuwa 6,852. Swali lilikuja papo hapo: je, vingine vimeota? La. Ni ramani zilizo bora zaidi, zikihesabiwa kwa kompyuta, kila kisiwa chenye mzunguko wa mita 100 au zaidi.

Jumamosi, 8 Februari

Theluji. Kwa mtoto wa Tanga neno hili ni la kwenye picha ya Kilimanjaro tu, kwa hiyo nilianza na Usambara. Wote wanajua kwamba Amani kunanyesha sana na kwamba ukivuka milima kuelekea Mkomazi unakuta ukavu. Upepo wa bahari hupanda mlima ukiwa na unyevu, huuacha upande wa mbele, na kuteremka upande wa pili ukiwa mkavu. Japani jambo hilo hilo hutokea wakati wa baridi: upepo mkavu na wa baridi kali hutoka Siberia, hunywa maji juu ya Bahari ya Japani, hukutana na milima ya Honshu na kumwaga theluji nzito upande wa magharibi, huku Tokyo ng'ambo ya milima ikiwa na jua na anga safi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Jumamosi, 15 Februari

Leo ni matetemeko, somo nililoliogopa, kwa kuwa sitaki watoto waondoke wakiwa na picha ya nchi ya maafa. Tulitandika mikeka miwili sakafuni, ukingo kwa ukingo, tukapanga viberiti juu yake kama nyumba. Watoto wawili waliusukuma mkeka mmoja polepole uingie chini ya mwingine. Mkeka wa juu ulikunjamana, ukainuka, ukagoma, kisha ukaruka ghafla na viberiti vyote vikaanguka. Chini ya Japani hukutana mabamba manne ya dunia, na lile la Pasifiki huingia chini kwa kasi ya takriban sentimita 8 kwa mwaka. Kukunjamana kule ndiko kunakozaa milima, na kuruka kule ndilo tetemeko. Mtoto mmoja ambaye mama yake anatoka Bukoba alisimulia tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 kama alivyosimuliwa nyumbani. Tukaigeuza mikeka: kwetu, kwenye Bonde la Ufa, ardhi inavutwa na kuachana, si kusukumana. Mikeka ni ile ile, mikono tu ndiyo iliyobadilisha upande wa kuvuta.

Mlima Fuji tuliupa nafasi yake. Una kimo cha mita 3,776, umelipuka mara ya mwisho mwaka 1707, na haujafa. Watoto walifurahi kwamba Kilimanjaro, wenye mita 5,895, unauzidi, nami niliwaachia furaha yao, kisha nikaongeza kwamba Kilimanjaro uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987 kwa ajili ya maumbile yake, na Fuji mwaka 2013 kwa ajili ya utamaduni, kwa maana umekuwa mlima wa kuhiji na wa kuchorwa kwa karne nyingi.

Baadaye tulifanya zoezi kama wafanyavyo wanafunzi wa Japani: mwalimu anatoa ishara, kila mtoto anaingia chini ya meza na kushika mguu wake, kichwa kwanza. Katika shule nyingi za huko kiti kina kofia nzito ya kitambaa iliyojazwa pamba, ambayo mtoto huivaa akitoka nje. Tarehe 1 Septemba ni siku ya kitaifa ya kujikinga na maafa, kwa kumbukumbu ya tetemeko kuu la Kanto la mwaka 1923. Zoezi lilifanywa kwa utulivu mkubwa, na nadhani ni kwa sababu watoto walikuwa wameona viberiti vikianguka.

Jumamosi, 22 Februari

Maandishi. Kijapani huandikwa kwa silabi, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu tano zile zile tulizo nazo sisi: a, i, u, e, o. Kwa hiyo jina Baraka linaandikwa kwa alama tatu tu, ba, ra, ka, na Rehema vivyo hivyo. Ugumu ulikuja kwa Lulu, kwa kuwa Kijapani hakitofautishi l na r, na jina lake likawa Ruru. Alikataa. Nilimweleza kwamba huko wangemwita hivyo kwa upendo kabisa, akafikiri kidogo, akaomba aandike yote mawili. Alama zinazotokana na picha ziliwapendeza zaidi: mlima wenye vilele vitatu, mto wa mistari mitatu, mti mmoja, na msitu ambao ni miti mitatu iliyosimama pamoja. Mwanafunzi wa huko anatakiwa kumaliza shule ya msingi akijua alama 1,026 za aina hii.

Machi

Mwezi wa Ramadhani. Tulikutana mara mbili tu, kwa saa moja, kupaka rangi kadi za hadithi ya picha tutakayoisimulia mwishoni. Somo la chakula nimelisogeza hadi baada ya Idi, kwa sababu wengi wa watoto wanafunga.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikuwa na wasiwasi kwamba somo la chakula litageuka kuwa la kuonja na kukunja uso. Lilikuwa somo la lugha. Sisi tuna mpunga shambani, mchele guniani na wali sahanini, na hakuna mtu wa pwani anayeweza kuyachanganya maneno haya matatu. Wajapani nao wana ine, kome na gohan, kwa mgawanyo ule ule kabisa. Tena gohan ina maana ya mlo wowote, hata kifungua kinywa huitwa wali wa asubuhi. Watu wanaolima zao moja kwa muda mrefu hulipa majina kwa kila hatua ya safari yake.

Mchele wa huko una punje fupi, nene, na ukiiva hushikana. Tulijaribu onigiri, yaani tonge la wali lililofinyangwa kwa mkono, kwa mchele wa Kyela, na matonge matano ya kwanza yalifumuka. Mama mmoja mlezi aliyekuja kutusaidia aliongeza maji, akauacha wali ulainike, akauponda kidogo kwa mwiko, na ukakubali. Mikono hulowanishwa kwa maji ya chumvi, ndani huwekwa kitu chenye ladha kali. Huko huweka samaki au tunda chachu lililokaa kwenye chumvi, sisi tuliweka dagaa. Kabla ya kula husema itadakimasu, neno la unyenyekevu lenye maana ya kupokea.

Hapa nieleze jambo moja la msimamo. Katika shule za Japani wanafunzi hupakuliana chakula na kufagia darasa lao wenyewe, na mtu mzima mmoja aliyekuwa amekaa nasi alianza kuwaambia watoto, "Mnaona wenzenu?" Nilimwomba kwa heshima asiendelee. Watoto hawa wana zamu ya kufagia shuleni kwao kila asubuhi, na huvua viatu mlangoni kwa bibi zao kama mtoto wa Kyoto anavyovua. Nchi ya watu ikigeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia mtoto, mtoto ataichukia.

Jumamosi, 26 Aprili

Fundi seremala amekamilisha sanduku la kamishibai, maigizo ya karatasi. Miaka ya 1930 wasimulizi wa Tokyo waliliweka sanduku kama hili nyuma ya baiskeli, wakagonga vipande viwili vya mbao kuwaita watoto, wakawauzia peremende, kisha wakasimulia huku wakichomoa picha moja baada ya nyingine. Letu ni la plaiwudi, lina milango mitatu midogo, na kadi zake ni 12 za manila.

Jaribio la kwanza lilishindikana, na kosa ni langu. Nilikuwa nimeandika maneno ya kila picha mgongoni mwa picha hiyo hiyo. Msimulizi akikaa nyuma ya sanduku haoni mgongo wa kadi ya mbele, anaona mgongo wa kadi ya mwisho. Mtoto aliyekuwa akisoma alianza na mwisho wa hadithi huku watazamaji wakiangalia mwanzo wake. Utaratibu sahihi ni huu: maneno ya picha ya kwanza yaandikwe mgongoni mwa kadi ya mwisho, ya picha ya pili mgongoni mwa ya kwanza, na kuendelea hivyo, kwa kuwa kila kadi inayochomolewa hurudishwa nyuma ya zote na mgongo wake ndio unaomkabili msomaji. Tumebandika karatasi mpya juu ya maneno ya zamani kwenye kadi zote 12.

Jumamosi, 10 Mei

Onyesho limefanyika mbele ya watoto wa darasa la kwanza na la pili. Hadithi tuliyoichagua ni ya Hamaguchi Goryo wa kijiji cha Hiro, Wakayama, mwaka 1854, wimbi kubwa la tsunami lilipokipiga kijiji hicho. Husimuliwa sana kwamba alikuwa mzee aliyechoma mavuno yake kuwaita wanakijiji mlimani. Watoto wangu nimewapa habari ilivyokuwa: alikuwa na umri wa miaka 34, ilikuwa jioni, wimbi lilikuwa limekwisha kuja na giza linaingia, naye akawasha marundo ya majani ya mpunga ili waliopotea gizani waione njia ya kupanda kwenye hekalu la kilimani. Neno tsunami lenyewe ni wimbi la bandarini, na mwaka 2004 wimbi la namna hiyo lilivuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu na watu walipoteza maisha. Kwa hiyo hatukusimulia habari za mbali.

Kadi ya saba, ya moto, ilipotoka polepole nusu kwa nusu, mtoto mmoja wa darasa la kwanza alisimama na kunyoosha kidole: "Pale! Pandeni pale!" Msimulizi wetu, yule yule aliyeuliza umri wa watoto wa kwenye gari, alisita, akasubiri hadi yule mtoto akae, ndipo akaendelea kusoma.

Kadi mbili za mwisho bado haziniridhishi. Hamaguchi aliwalipa wanakijiji ujira wajenge ukuta wa udongo, karibu mita 600 kwa urefu na mita 5 kwa kimo, kazi iliyochukua takriban miaka minne na iliyowapa watu sababu ya kutokihama kijiji. Wimbi lilirudi mwaka 1946, na ukuta ukaikinga sehemu kubwa ya makazi, yeye mwenyewe akiwa amefariki zamani. Kadi ya ukuta tuliyonayo inaonyesha rundo la udongo tu. Wiki ijayo tutaichora upya, tukiweka watu wenye vikapu, miti ya misonobari iliyopandwa upande wa bahari, na pembeni, kwa ombi la darasa la tano, mtoto anayeupima ukuta kwa kamba yenye mafundo.